Mji wa kitalii uliohamwa usiku mmoja: uchambuzi wa kisa cha Jasper, kiangazi cha 2024

Kisa hiki ni cha mji wa mapumziko milimani uliolazimika kuwatoa wakazi na wageni wake wote kwa saa chache, kisha ukaungua siku mbili baadaye. Mji wenyewe nimeutaja, kwa kuwa dunia nzima iliuona kwenye taarifa za habari. Majina ya watu, hoteli na maduka nimeyaacha nje. Ninaowafikiria ninapoandika ni wale wanaopanga, au watakaokuja kupanga, namna ya kuokoa watu katika mji unaoishi kwa wageni.

Usuli

Jasper ni mji mdogo ulio ndani ya hifadhi ya taifa yenye jina hilohilo, katika milima ya Rocky, jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi 4,738. Hifadhi inayouzunguka hupokea wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na wimbi kubwa zaidi huja Julai na Agosti, theluji ikishayeyuka kwenye njia za milimani na jua likichelewa kuzama hadi karibu saa nne kasorobo usiku. Kambi ya Whistlers pekee, kilomita chache kusini mwa mji, ina viwanja 781 vya mahema na magari ya kulala. Hoteli hujaa, garimoshi hushusha watalii katikati ya mji, na kulungu wakubwa huvuka barabara wapendapo.

Nyuma ya starehe hiyo kuna watu wanaotandika vitanda, wanaopika, wanaoendesha mabasi na kuongoza wageni. Wengi wao ni wafanyakazi wa msimu, vijana kutoka pande zote za Kanada pamoja na wahamiaji, wakiwemo Wafilipino wengi. Nyumba za kupanga zilikuwa adimu mno hata kabla ya moto, kwa hiyo watu walibanana, na chumba mara nyingi kilikuja pamoja na kazi. Jambo hili lina uzito mkubwa katika kisa hiki na nitalirudia.

Barabara za kutokea ni chache. Barabara kuu namba 16 inaupita mji: upande wa mashariki inakwenda Hinton, kama kilomita 80, kisha Edmonton, na upande wa magharibi inaingia jimbo la British Columbia. Ya tatu ni namba 93, inayoelekea kusini katikati ya milima na barafu. Hakuna nyingine.

Msitu nao ulikuwa na historia yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kila moto uliowaka hifadhini ulizimwa, na misonobari ikazeeka na kusongamana. Kisha wakaja mbawakawa wanaotoboa magome, wakaua miti kwenye maeneo mapana, ikabaki imesimama mikavu. Hatari hiyo ilijulikana. Tangu 2003 mamlaka ya hifadhi na manispaa walikuwa wakipunguza miti kuzunguka mji na kuwahimiza wakazi kuondoa vitu vinavyoshika moto karibu na kuta. Septemba 2022 moto uliopewa jina la Chetamon uliwaka hifadhini na kukata njia ya umeme, mji ukaendeshwa kwa jenereta. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema mji huu ulikurupushwa usingizini.

La mwisho katika usuli ni utawala. Manispaa, iliyoundwa 2001, inaendesha huduma za mji. Parks Canada, chombo cha serikali ya shirikisho, inasimamia hifadhi na mambo ya ardhi, hata ndani ya mji wenyewe. Serikali ya jimbo la Alberta ina wajibu wake katika maafa na afya, na katika kuwapokea wanaohama. Mamlaka tatu zilikuwa juu ya bonde moja.

Usiku wa Jumatatu, 22 Julai

Kiangazi hicho kilikuwa na joto kali na ukavu. Jumatatu jioni radi zilipita zikawasha moto zaidi ya mmoja ndani ya hifadhi. Mmoja ulikuwa kaskazini mashariki mwa mji, ukaifunga barabara ya kwenda Hinton. Mingine iliwaka kusini, ukingoni mwa barabara namba 93, na baadaye ikaungana.

Katika muda usiofika hata usiku mmoja mji ulipoteza njia mbili kati ya tatu. Takriban saa nne usiku ikatoka amri: kila mtu aondoke Jasper, aelekee magharibi. Mji ulipewa saa tano kuwa mtupu. Walio bila usafiri walielekezwa kwenye vituo vya kukusanyikia ili wachukuliwe na mabasi. Helikopta zilitumwa kuwatafuta wapanda milima waliokuwa mbali na barabara. Wakati huohuo amri iliihusu hifadhi nzima, na kambi ziliondolewa watu.

Jumla ya waliohamishwa ilikadiriwa kuwa 25,000, yaani zaidi ya mara tano ya idadi ya wakazi. Magari yalifuatana taa kwa taa kuelekea mpaka wa jimbo, katika moshi na majivu. Vituo vya mafuta vilikuwa na foleni, na wengine walianza safari tangi likiwa karibu tupu, kwani nani anayejaza mafuta Jumatatu usiku akiwa likizoni?

Kwa nini waliamua hivyo

Maamuzi mawili ya usiku ule yanastahili kuangaliwa kwa karibu.

La kwanza ni kuwatoa wote kwa mara moja. Kuhamisha kwa awamu, mtaa baada ya mtaa, hupunguza msongamano, na miji mingi hupendelea hivyo. Lakini awamu inahitaji uhakika kwamba njia ya mwisho itabaki wazi hadi awamu ya mwisho, na Jasper haikuwa na uhakika huo. Moto ulikuwa umeonyesha unavyoweza kufunga barabara kabla watu hawajajua uko wapi. Pia mji wa kitalii hauna orodha ya waliolala humo. Wageni hawaijui mitaa, na hawana jirani wa kuwagongea mlango. Ukimwambia mtalii asubiri zamu ya mtaa wake, hajui mtaa wake ni upi. Amri moja inayowahusu wote ndiyo pekee ambayo mtu aliyefika saa kumi jioni anaweza kuielewa saa nne usiku.

La pili ni kuwapeleka watu British Columbia. Jimbo hilo nalo lilikuwa likipambana na mioto yake, na mji wa kwanza ukivuka mpaka ni Valemount, kama kilomita 120 kutoka Jasper, wenye watu elfu moja na kidogo. Waliotoa amri hawakuwa na njia nyingine. Ila uamuzi usio na mbadala nao una gharama, na gharama hiyo ilianza kulipwa usiku uleule.

Valemount ilijitahidi kupita uwezo wake. Watu walilala kwenye magari na viwanja vya maegesho. Kesho yake serikali ya Alberta iliwaomba wenye uwezo warudi ndani ya jimbo kwa kuzunguka, ama kaskazini kupitia Prince George hadi Grande Prairie, ama kusini hadi Calgary, ambako vituo vya kuwapokea vilikuwa vimefunguliwa. Mzunguko wa kaskazini peke yake ni karibu kilomita 900. Waombwaji walikuwa watu waliokesha barabarani, wengine wakiwa na watoto wadogo na wazee.

Jumatano, 24 Julai

Jumanne mji ulikuwa mtupu, na waliobaki ni wa kazi: zimamoto, walinzi wa hifadhi, polisi, mafundi wa maji na umeme. Walitandaza vinyunyizio vya maji kwenye majengo na kuandaa ulinzi. Moto wa kusini ulikuwa umebaki kama kilomita 12.

Jumatano upepo ulibadilika ukawa mkali sana. Kila kilichojaribiwa kilikwama. Maji ya helikopta hayakufua dafu. Mitambo mizito haikuweza kumaliza kukata ukanda usio na miti. Ndege za kumwaga maji hazikuweza kufanya kazi kwa sababu hali ya anga ilikuwa ya hatari. Jaribio la mwisho lilikuwa kuwasha moto wa makusudi ili moto mkubwa uelekezwe kwenye vizuizi vya asili, barabara kuu na mto Athabasca. Hilo nalo lilikataa, hali haikuruhusu.

Hapo ukafanyika uamuzi ambao nauona mgumu kuliko yote. Watumishi wasio na vifaa vya kupumulia waliamriwa waondoke kwenda Hinton, hewa ilipokuwa haivutiki tena. Waliobaki ni wazima moto wa majengo na wenzao wenye vifaa. Jioni, mnamo saa kumi na mbili, moto uliingia upande wa kusini wa mji. Cheche zilibebwa na upepo mbele ya moto wenyewe, zikatua juu ya mapaa na kwenye bustani, na nyumba iliyoshika ikaipasha jirani yake.

Maji na watu havikutosha kulinda kila kitu, kwa hiyo walichagua. Hospitali, shule, jengo la huduma za dharura na mtambo wa kusafisha majitaka vilipewa kipaumbele, na vikapona. Mtu aliyepoteza nyumba ataona uchungu kusikia kwamba jengo la ofisi lililindwa, na ana haki ya kuona hivyo. Lakini mji usio na mtambo wa majitaka wala hospitali haurudiwi hata kama nusu ya nyumba zimesimama. Naamini walichagua sawasawa.

Matokeo

Majengo 358 kati ya 1,113 yaliteketea, takriban theluthi moja ya mji. Kanisa la Kianglikana la zamani liliungua, na hoteli na vituo vya mafuta pia. Meya alipoteza nyumba aliyoishi tangu utoto. Nyumba za kuishi kama 800 zilitoweka, kwa sababu jengo moja mara nyingi lilibeba familia kadhaa. Tathmini ya mwanzo ya bima ilikuwa dola za Kanada milioni 880. Mvua na baridi ya siku zilizofuata zilisaidia kupunguza nguvu ya moto, lakini ardhi iliyoungua ilizidi hekta 32,000.

Katika kuhama kwenyewe hakuna mkazi wala mgeni aliyekufa. Tarehe 3 Agosti mzima moto wa misituni mwenye umri wa miaka 24 aliangukiwa na mti akafariki kazini. Ni lazima atajwe kila mara inaposemwa kwamba watu waliokoka.

Wakazi waliruhusiwa kurudi tarehe 16 Agosti saa moja asubuhi, wengine kwenye nyumba zao, wengine kutazama msingi na majivu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Amri ilitolewa mapema kuliko ushahidi. Saa nne usiku wa Jumatatu moto mkubwa ulikuwa bado mbali na mji, na mtu mwenye hoteli iliyojaa katikati ya Julai angekuwa na kila sababu ya kuuliza kama haraka hiyo ilikuwa ya lazima. Katika mji unaopata riziki ya mwaka kwa majuma machache ya kiangazi, shinikizo la kusubiri hadi asubuhi ni kubwa. Wangesubiri, wangekuwa wanahesabu kilomita za moto huku barabara moja iliyobaki ikitegemea upepo. Kati ya amri na moto kuingia zilipita siku mbili, na siku hizo ndizo zilizowapa wazima moto mji mtupu wa kuupigania, bila kusumbuka kutafuta watu ndani ya nyumba.

Kazi ya miaka ya kupunguza miti haikuuzuia moto, na wapo waliosema kwa hiyo ilikuwa bure. Sikubaliani nao. Theluthi mbili za majengo zilibaki. Upepo wa namna ile hauzuiwi na ukanda wowote wa miti iliyokatwa, lakini mahali penye kuni chache ndipo wazima moto wanapoweza kusimama na kupambana. Kosa ni kuwaahidi wananchi kwamba kukata miti ni kinga kamili. Kinachopatikana ni nafasi ya kupigana, na nafasi hiyo inategemea pia paa la jirani yako limeezekwa kwa nini.

Moto wa 2022 nao ulikuwa umewafundisha watumishi wa mji kufanya kazi pamoja katika chumba kimoja. Watu waliokwisha kukesha pamoja hawaanzi kwa kuulizana majina.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Hapa ndipo penye somo zito. Mpango wa Jasper ulijua kuwatoa watu. Haukujua kuwafikisha.

Mpango wa kuhama uliofikiriwa hadi mpaka wa mji huishia pale ambapo shida ya mtu inaanza. Njia ya magharibi ilijulikana siku zote kuwa mojawapo ya njia za kutokea. Kwa hiyo swali la nani angewapokea watu elfu kadhaa katika mji wa watu elfu moja lilikuwa na jibu la kutafutwa wakati wa baridi, mezani, majimbo mawili yakiwa yameketi. Mafuta, maji ya kunywa, vyoo njiani, mahali pa kulala, dawa za wazee: haya yote yangeweza kuwekwa kwenye makubaliano ya maandishi kabla radi haijapiga. Badala yake yalitatuliwa na wema wa wanavijiji na uvumilivu wa waliohama. Wema huo ni wa kweli na unapaswa kushukuriwa. Haufai kuwa ndiyo nguzo ya mpango.

Upungufu wa pili ni habari. Mji ulipokuwa mtupu, kila chanzo cha habari za mji kilikuwa nacho kimehama. Jumatano usiku watu walikaa katika vyumba vya hoteli na kumbi za mikutano, mamia ya kilomita mbali, wakitazama video za dakika moja kwenye simu, wakijaribu kuutambua mtaa wao kwa kona ya ukuta. Alhamisi waziri kiongozi wa jimbo alisema huenda asilimia 30 hadi 50 ya majengo imeharibika. Alitahadharisha kwamba hakuna uhakika, lakini mtu anayesubiri habari za nyumba yake husikia namba, tahadhari humpita. Orodha ya anwani ilitolewa na manispaa siku chache baadaye. Najua kwamba ukaguzi huchukua muda na kwamba kumwambia mtu kimakosa kuwa nyumba yake imepona ni ukatili. Hata hivyo lilikosekana jambo dogo, ratiba. Mtu akiambiwa "hatujui leo, tutawaeleza kesho saa nane mchana", anaweza kulala. Asipoambiwa lolote, atakesha na uvumi.

La tatu ni uongozi. Parks Canada na manispaa waliongoza kwa pamoja, na kwa jumla mfumo huo ulifanya kazi. Ripoti iliyoagizwa na manispaa na kutolewa 2025 ilisema kuingilia kwa serikali ya jimbo kuliwavuruga viongozi wa tukio wakati wakipambana na moto. Serikali ya jimbo iliikataa hoja hiyo kwa nguvu. Msomaji hahitaji kuamua nani mkweli ili aone tatizo: wakati wa moto bado kulikuwa na nafasi ya kubishana nani mwenye bonde. Mwaka mzima baadaye mabishano hayo yalikuwa hayajaisha.

Wafanyakazi wa msimu

Kundi hili nimeliweka peke yake kwa sababu kila taarifa ya hasara niliyoisoma ilianza na wenye nyumba, na inaeleweka kwa nini: wana hati na bima, na wana anwani kwenye orodha. Mhudumu wa hoteli aliyelala chumba cha mwajiri hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Usiku mmoja alipoteza kazi na chumba kwa pamoja, maana vilikuwa kitu kimoja. Mhamiaji mwenye kibali kinachomfunga kwa mwajiri mmoja alikuwa na wasiwasi wa ziada: hoteli ikiungua, kibali kina maana gani? Serikali ya shirikisho iliweka utaratibu wa kubadilisha bila malipo nyaraka za uhamiaji zilizopotea kwa wale walioathiriwa na mioto ya mwaka huo, hatua nzuri, ila karatasi haimpi mtu mahali pa kulala.

Na bila wao mji haufunguki. Hifadhi ilipoanza kupokea wageni tena, vivutio vikubwa vilikuwa bado pale, maporomoko, maziwa na barafu, lakini hoteli iliyosimama isiyo na mahali pa kuwalaza wapishi na wasafishaji haiwezi kujaza vyumba vyake. Uhaba wa nyumba uliokuwepo kabla ya moto ukawa ndio kizuizi kikuu cha kurudi.

Ugomvi kuhusu nyumba za muda unaonyesha jambo hilo vizuri. Oktoba 2024 serikali ya Alberta ilitangaza dola milioni 112 kwa nyumba 250 za kuunganishwa, zilizokusudiwa baadaye kubaki kama nyumba za kudumu za familia mojamoja. Manispaa na Parks Canada walikuwa na ardhi finyu ndani ya hifadhi, na walitaka majengo yanayobeba watu wengi zaidi kwenye kiwanja kimoja. Viwanja vilivyokuwa tayari vilikuwa pungufu mno ya idadi hiyo. Februari 2025 jimbo likaondoa mpango wake, na nyumba za muda zikaendelea kwa fedha za shirikisho. Kila upande ulikuwa na hoja. Familia zilizotaka kurudi kabla ya majira ya baridi ya pili zilikuwa bado zinasubiri, na wapangaji wa msimu walikuwa nyuma yao kwenye foleni.